Apu ya tiketi ya basi: rangi nzuri, visanduku vya kuandikia ni balaa

Nyota mbili, na hio ya pili ni kwa sababu ya apdeti. Jina la apu silitaji, sitaki maneno na watu, ni ya kukatia tiketi ya basi ukiwa bado kisiwani Lamu kabla hujavuka Mokowe, bara, kupanda basi.

Mimi nakaa saiba hapa Langoni, nusu ya kazi yangu ni kuwajazia watu fomu kwenye simu zao wenyewe, kwa hivo visanduku vya kuandikia nishaviona vya kila aina. Hivi wallahi aliyevichora alikuwa ndani ya ofisi yenye eisii. Ukurasa mweupe, ndani ya kila kisanduku maneno ya kijivu hafifu ya kukuelekeza, jina hapa, namba hapa, na ukingo wake ni uzi wa kijivu hichohicho. Chumbani inapendeza. Toka nayo gatini saa nane za mchana, jua la utosi na maji yanakumulika machoni, utaona karatasi tupu. Nkapiga skrinishoti nkaipima ile rangi, msimbo wake ni #AAAAAA juu ya nyeupe, yaani tofauti ya mwangaza baina ya maandishi na ukurasa ni kama 2.3 kwa 1, na mwongozo wa WCAG, ule wa kimataifa wa kufanya kurasa zisomeke na kila mtu, unataka maandishi ya kawaida yasipungue 4.5 kwa 1. Wangekoza mpaka #767676 tu ingetosha, na bado ni kijivu, urembo wao wangebaki nao.

Lakini rangi si ugonjwa mkubwa. Ugonjwa ni kwamba yale maneno ndio lebo yenyewe, hakuna nyengine, na ukiandika herufi moja tu yanapotea. Shangazi yangu alikuwa aende harusini Malindi, akasema leo sikusumbui, najikatia mwenyewe. Akabonyeza kisanduku cha kwanza, akagusa herufi kwa bahati mbaya, maneno yakaondoka, akabaki anauliza hapa nilikuwa naulizwa nini, hakufikiria kufuta ili yarudi (nani angefikiria?), akaona bora aandike anakokaa. Asubuhi Mokowe kondakta ameshika orodha anaita, "Langoni Lamu! Langoni Lamu yuko wapi?" watu wanacheka, na shangazi naye anacheka na wenziwe hajui kuwa ndiye yeye anayeitwa. Alipotoa kitambulisho jina halilingani, basi linanguruma, mpaka nkapigiwa simu mimi niliyekuwa bado nimelala.

Apdeti ya juzi wamelitengeneza hilo, nawapa haki yao. Ukigusa kisanduku lebo inapanda juu inakuwa ndogo inakaa hapo ukutani kwake, mtindo ule wa Material Design, mwongozo wa Google wa kuchora apu, na ukingo unanenepa unakuwa wa bluu ujue uko wapi. Kwenye namba ya simu sasa inakuja kibodi ya namba, zamani ilikuwa inakuja ya herufi, mzee wa watu atafute sufuri kwa miwani.

Yaliyobaki sasa. Ukikosea, kisanduku kinageuka chekundu basi, kimya, hakikwambii kosa ni nini. Namba ya simu wanaitaka ianze na 254 lakini hakuna palipoandikwa, sisi sote tunaandika 07, nyekundu. Ukikopi kutoka kwa kontakti inakuja na nafasi katikati, nyekundu tena, jamani si muziondoe tu hizo nafasi huko nyuma, kwani ni kazi gani? Na wenye majina ya Al- huku kwetu ni wengi, kile kistari hakikubaliwi, kwa hivo tiketi inatoka jina moja na kitambulisho kina jengine, tunarudi kulekule kwa kondakta.

Halafu kisanduku cha namba ya kitambulisho kiko chini kabisa, kibodi ikipanda inakifunika na ukurasa hausogei, kwa hivo unaandika kama unayepapasa kizani. Kwenye simu kubwa hata hutaliona tatizo hili, ndio maana nahisi wenyewe hawajaliona. Simu zinazoletwa kwangu ni zile ndogo zenye kioo kilichopasuka. Nawajazia kwa shilingi 50, na jana mtu wa tatu kuja na kisanduku hichohicho alinambia mbona basi usiwaandikie wenyewe, ndio nmeandika.