Sola ya nyumbani Kisumu na Nakuru: ipi inarudisha pesa?

Anza na tokeni za stima. Jumlisha pesa ulizolipa kwa miezi 3, ugawe kwa yuniti (kilowati-saa) ulizopata. Hiyo ndiyo bei yako halisi, ushuru ukiwemo. Hapa tunatumia mfano wa sh 28. Kama hufikishi yuniti 30 kwa mwezi, usinunue sola ukitarajia kuokoa pesa.

1. Paneli na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani), bila betri. Inamfaa zaidi anayetumia stima mchana: mwenye friji za duka, kinyozi, pampu ya kisima. Paneli ya wati 550, kwa saa 5 za jua kali na robo ikipotea njiani, hutoa yuniti 2 hivi kwa siku. Nne hutoa 8, yaani sh 224, mradi utumie zote. Nyumba iliyofungwa hadi jioni itatumia labda 2, na pesa zako zitachelewa kurudi mara nne. Jambo ambalo wauzaji hulinyamazia: stima ikipotea, inveta nyingi za aina hii huzima hata jua likiwaka.

2. Hita ya maji ya jua. Kwa baridi ya Nakuru, watu 5 wakioga dakika 10 kila mmoja kwa shawa ya kilowati 5 humaliza yuniti 4 kwa siku. Kisumu, wengi wanaweza kuiruka.

3. Kuongeza betri ya lithiamu. Ya yuniti 5, ukitumia asilimia 90 kwa mizunguko 4,000 ya kuchaji na kutumia, itakuhifadhia yuniti 18,000. Ikiuzwa sh 150,000, kila yuniti ya usiku imeongezeka sh 8 hivi. Nunua ile utakayoimaliza kila usiku. Ukitumia nusu tu, gharama hiyo inakaribia maradufu.

4. Betri ya asidi. Tafadhali usidanganywe na bei ya dukani. Ya volti 12, Ah (ampea-saa) 200, hubeba yuniti 2.4, na ukipita nusu unaiua mapema. Mizunguko 500 ni yuniti 600. Kwa sh 30,000, kila yuniti ni sh 50, ghali kuliko stima yenyewe!

Popote magharibi mwa Kenya, radi ni tishio la kweli: dai vizuia radi upande wa paneli na upande wa stima, pamoja na waya wa ardhini. Paneli ziinuliwe sentimita 10 hivi juu ya mabati, kwa sababu joto hupunguza umeme. Fundi akuonyeshe leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati Kenya, kabla hajapanda ngazi.