Kifafa: Kubadilisha Dawa au Kuongeza ya Pili?
Mishtuko ya kifafa inapoendelea ingawa mgonjwa anameza dawa kwa kipimo kinachotosha na bila kuruka dozi (hili lihakikishwe kwanza), daktari anaweza kuibadilisha dawa hiyo au kuongeza ya pili. Kubadilisha humwachia mgonjwa dawa moja, lakini kipindi cha kupunguza ile ya zamani, hata taratibu, kinaweza kuleta mishtuko zaidi. Kuongeza hulinda nafuu iliyokwisha kupatikana, ila dawa huingiliana: valproeti, kwa mfano, hupandisha mwilini kiwango cha lamotrijini (zote mbili ni dawa za kifafa), hivyo lamotrijini huanzishwa kwa dozi ndogo zaidi ili kuepusha vipele vya hatari. Kwa maoni yangu, dawa isiyosaidia kabisa ibadilishwe. Iliyopunguza mishtuko bila kumsumbua mgonjwa iongezewe mwenzake.