Laptopu yangu imerudi, ufunguo wake ulikuwa dukani

Duka silitaji jina, ila liko hapa Mjini Unguja. Siku nanunua laptopu waliniuzia na kitu wanachokiita ulinzi wa wizi: unaongeza elfu hamsini juu ya bei, wanakuwashia mashine wenyewe, na ikiibiwa wanaitafuta. Nililipa bila kusita, maana mle ndani ndimo lilimoingia daftari zima la kikundi chetu cha mwani cha Paje. Majina ya kina mama, namba zao za simu, akiba ya kila mmoja, mpaka picha za vitambulisho vyao vya Mzanzibari mkaazi.

Mfungo mosi ulikuwa ndio kwanza umeingia, gari za shamba zimejaa watu na mizigo. Nashuka Mwanakwerekwe, begi halipo. Polisi waliniandikia, nikapewa RB, nikawapa na namba ya mashine iliyoandikwa kwenye boksi. Kwao sina la kulalamika.

Simu ikiibiwa ina IMEI, namba yake ya utambulisho, na mtandao unaweza kuifungia. Laptopu yangu haina hiyo. Windows ina sehemu yake ya kutafuta kifaa kilichopotea: inakuonesha kwenye ramani pahala kilipoonekana mara ya mwisho kikiwa na intaneti, na unaweza kukifunga ukiwa mbali. Lakini anayeiona ramani ni mwenye akaunti ya Microsoft inayosimamia mashine hiyo, na akaunti ile haikuwa yangu! Vijana wa duka waliiwasha kwa akaunti ya duka, mie wakanifungulia jina la kuingilia tu.

Basi nikaenda. Kijana wa kaunta alinisikiliza macho yakiwa kwenye simu yake, nilipomaliza akasema: "Bibi, sie tunauza kompyuta, hatukamati wezi." Nikamwonesha risiti, nimelipia. "Aliyekuuzia hayupo." Atarudi lini? Akageukia mteja mwengine. Nilikuwa naomba kitu kimoja, waifungue hiyo ramani waangalie, kazi isiyofika hata dakika tano, na kila saa iliyopita ilikuwa ni ya mwizi. Nilisimama na risiti yangu mkononi mpaka ikaadhiniwa adhuhuri na hakuna aliyenambia hata kaa kitako. Hilo sitalisahau.

Aliyeniokoa ni fundi wa Darajani ambaye hanijui. Aliletewa mashine aiflashi, alipogusa mipangilio ya ndani ikatoka skrini ya buluu ya BitLocker, kufuli la Windows la kulinda diski, inadai ufunguo wa tarakimu 48. Akamuuliza aliyeileta ufunguo uko wapi, yule akatoka na hakurudi. Fundi akaipeleka kituoni. Mungu amlipe. Diski ilikuwa imesimbwa, yaani yaliyomo hayasomeki bila ufunguo, kwa hiyo hata mwizi angeing'oa akaichomeka kwenye mashine nyengine asingesoma jina la mama hata mmoja. Neno la siri peke yake halizuii hilo; diski isiyosimbwa inatolewa kwa bisibisi na kila faili linasomeka.

Hapo moyo ulilainika. Nilisema duka limefanya la maana, nitawasifu. Kisha fundi huyohuyo akanieleza kuwa mashine nyingi mpya za Windows zinajisimba zenyewe mara tu akaunti ya Microsoft inapoingia. Hata hilo halikuwa lao.

Na sasa skrini ya buluu ilikuwa inanidai mie. Ufunguo uko kwenye akaunti ya duka. Nikarudi kaunta ileile, kijana yuleyule: "Kutafuta ufunguo ni elfu thelathini." Ufunguo wa kompyuta yangu! Nilipaza sauti, nakiri, watu wakageuka. Akatoka mzee mmoja chumba cha nyuma, akasema, "Mpe bibi haki yake," akakaa mwenyewe akaifungua akaunti. Alinisomea tarakimu taratibu, mashine ilipowaka akanipa na mamlaka ya msimamizi. Kwa ajili yake yeye ningewasamehe wote.

Ila skrini alinigeuzia ninakili, na nikaona. Orodha ndefu ya kompyuta za watu, nyengine zimeandikwa majina ya wenyewe, kila moja na ufunguo wake, na ukitaka ramani ya zilipo inafunguka papo hapo. Kijana asiyeweza kumwangalia mteja usoni anazo funguo za nyumba nzima ya watu. Hapana. Huduma hii msiinunue, hata mkipewa bure.

Usiku ule nilifungua akaunti yangu, nikazima usimbaji, nikangoja umalizike, nikauwasha upya ili ufunguo mpya uje kwangu, ndipo nikaifuta akaunti ya duka. Kama mashine yako iliwashwa dukani, angalia leo kwenye mipangilio msimamizi ni nani. Elfu hamsini yangu naidai bado, na nimewaambia nitarudi kuichukua pamoja na mwenyekiti wa kikundi.