Miezi minne na kapu la shambani: ninachokisifu, na nyota niliyoikata

Karoti za Jumamosi hii zilikuja na majani yake, na majani yenyewe yamesimama wima. Siku hizi hapo ndipo jicho langu linapotua kwanza, wakati mwingine hata kabla sijasalimia. Majani ya karoti hunyauka haraka kuliko karoti, na yakibaki kichwani huendelea kuinyonya maji mpaka unaweza kuikunja kama kamba. Kwa hiyo anayethubutu kukuuzia na majani yake hahitaji kukuapia kwamba zimeng'olewa jana. Nikifika nyumbani nayakata palepale, karoti upande huu, majani upande ule.

Huduma yenyewe iko hivi. Unamlipa mkulima mwanzoni mwa msimu, kabla mbegu hazijaingia ardhini, halafu kila Jumamosi asubuhi unapitia meza yake kwenye soko la wakulima kuchukua kapu lako. Kilichomo huchagui wewe, linachagua shamba. Si jambo geni duniani. Wajapani walikuwa nalo miaka ya 1970 wakiliita teikei, na Marekani mashamba mawili ya kwanza yalianza mwaka 1986. Mkulima anapata mtaji bila kukopa, nawe unakuwa mshirika wake kwa heri na kwa shari. Hiyo shari niliipitia juu juu nilipokuwa nikijiandikisha. Nilikuja kuisoma vizuri wiki ya tatu.

Mvua zilipiga mfululizo, ukungu ukaingia kwenye nyanya, na kapu likaja limejaa kabichi. Wiki iliyofuata, kabichi. Wiki nne kabichi, tena si vikabichi bali vichwa ambavyo mtoto angeweza kuvikalia. Tulikaanga, tukachemsha, tukatia siki, nikagawia majirani mpaka wakaanza kunikwepa kwenye ngazi. Mama, ninayeishi naye, alivumilia kapu la kwanza na la pili. La tatu akaniuliza taratibu, "Mwanangu, kwani uliwaambia hawa watu tunafuga sungura?" Nikampigia mkulima simu, nikiwa nimejiandaa kugomba. Hakujitetea hata kidogo. Alinitumia picha ya matuta ya nyanya yaliyogeuka kahawia yote, kisha akasema, "Dada, hata mimi nakula kabichi." Ugomvi ukaniishia mdomoni.

Halafu yakaja mahindi mabichi.

Sijui nianzie wapi. Mahindi matamu yakishavunjwa huanza kuigeuza sukari yake kuwa wanga, na joto huyaharakisha: kwenye nyuzi 30 za selsiasi, ndani ya siku moja tu zaidi ya nusu ya sukari inaweza kuwa imekwenda zake, ilhali karibu na nyuzi sifuri hupotea kidogo sana. Haya nilikuwa nimeyasoma, lakini mdomoni sikuwahi kuyapata. Mkulima alisema yamevunjwa saa kumi na moja alfajiri. Saa nne nilikuwa nayo jikoni, ndevu bado zina unyevu na zinanata vidoleni. Nilibonyeza punje kwa ukucha, maziwa yakanirukia kwenye miwani. Dakika tano kwenye maji yanayochemka, bila chumvi, bila chochote. Mama alimaliza gunzi lake bila kuinua macho, akanyoosha mkono kuchukua la pili, na huyu ni mtu anayelalamikia meno yake kila siku.

Kwa ukaidi wangu nilificha mawili kabatini mpaka kesho yake jioni, nikayachemsha vilevile, nikamwekea bila kumwambia kitu. Hayakuwa mabaya. Yalikuwa mahindi tu, yale niliyoyala maisha yangu yote nikidhani ndiyo ladha yake. Aling'ata mara mbili, akaliweka pembeni ya sahani, akauliza chai iko wapi.

Nyanya zilirudi baadaye, kutoka miche iliyopandwa mara ya pili. Hazina umbo moja. Nyingine zimepasuka karibu na kikonyo, nyingine zina makovu, na ukizikata maji yanachuruzika mpaka kwenye kiwiko. Nyingi za dukani huchumwa zikiwa bado ngumu ili zistahimili safari, kisha huivia njiani. Rangi zinaipata, lakini utamu ambao mche ungeendelea kuzilisha umeshakatwa. Hapa nikiri kosa langu mwenyewe. Kapu la kwanza lenye nyanya nililitia lote kwenye friji, nikajisifu kwa utaratibu. Baada ya wiki zilikuwa zimenyamaza, hazinukii chochote. Kumbe mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida na wenzao walikuwa wameshaonyesha kwamba siku saba kwenye nyuzi 5 huzipunguzia nyanya sehemu ya harufu yake, na hata ukizirudisha kwenye joto la kawaida haizirudii yote. Sasa zinakaa mezani, na hazidumu, kwa sababu tunazila.

Basi, nimetoa nyota nne kati ya tano, na iliyokatwa haihusiani na kabichi. Inahusu soko lenyewe. Kibandiko cha mlangoni kinasema kila muuzaji ni mkulima, ila sijaona anayehakiki. Zile wiki mkulima wangu alipokuwa akilia na ukungu, meza mbili kutoka yake kulikuwa na nyanya zimepangwa kama askari kwenye gwaride, zote saizi moja, na chini ya meza makasha yaliyogeuziwa maandishi ukutani. Nikamuuliza muuzaji, "Kaka, hizi mlizipanda lini?" Akajibu, "Tunazo mwaka mzima, dada." Nikauliza kama wana kitalu nyumba. Akaniuliza nataka kilo ngapi. Mtu akinunua kwa dalali na kukuuzia kama dalali, hiyo ni biashara halali. Akinunua kwa dalali akavaa buti zenye tope, hapo anakuchezea. Nimewaandikia wasimamizi wa soko, wakajibu kwamba wamelipokea. Hilo la kupokea limeishia hapo.

Kuna wenzangu kwenye foleni wanaosema wanakuja kwa ajili ya mazingira, chakula kisisafiri mbali. Sina ugomvi nao, ingawa utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2008 ulikuta usafirishaji ni kama asilimia 11 tu ya gesijoto zinazotokana na chakula cha kaya, na sehemu kubwa hutoka kwenye uzalishaji wenyewe. Mimi nafuata mdomo wangu.

Kwa anayetaka kujaribu, jiulize kwanza unapika mara ngapi kwa wiki. Ukiwa wa kupika mara mbili, kapu hili litakuozea na utamlaumu mkulima bure. Majani mabichi uyale Jumamosi na Jumapili, yenye maganda magumu na mizizi yangoje katikati ya wiki. Usiingie sokoni na orodha. Mimi yangu niliitupa mwezi wa kwanza, baada ya kugombana na bamia ambazo hazikuwepo. Na chukua kapu dogo. Sisi ni wawili, nikachukua la watu watano kwa kuona picha, na ndiyo maana majirani hawanisalimii.

Msimu ujao nimeshalipia, nusu kapu. Nilipomwambia Mama alitaka kujua jambo moja tu, kama mahindi yamo.