TAHADHARI: "Sabuni ya asali ya Liwale" inayozungushwa Mtwara na Lindi

Ndugu zangu wa Mtwara, Lindi, Masasi mpaka Nachingwea, kuna muuzaji anazunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Anauza sabuni za rangi ya dhahabu na chupa za asali anayosema ni ya Liwale, unalipa kwanza kisha mzigo unakuja na basi. Jina lake silitaji, maana kubadilisha jina na laini ni kazi ya asubuhi moja. Shikeni maneno yake na bidhaa yake.

Mimi ni mtengeneza sabuni, na wateja wangu ndio walioniletea vipande hivyo. Dada mmoja uso ulimwaka, chini ya macho kumevimba. Alipompigia muuzaji akajibiwa kwamba "ngozi inatoa sumu, endelea kutumia". Alipoomba arudishiwe hela, simu haikupokelewa tena.

Anachotangaza ni hiki: asali asilimia 100, imekorogwa nyumbani, inang'arisha ndani ya siku tatu.

Tuanze na hiyo asilimia 100. Sabuni ya kukoroga nyumbani ni mafuta na kostiki (soda kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni), iwe mafuta ya nazi, mawese au ufuta wetu wa Lindi. Asali ni nyongeza tu. Sisi tunaweka kama kijiko kimoja cha chakula kwa nusu kilo ya mafuta, kwa sababu ukizidisha, sukari yake inapandisha joto, uji unafura na unaweza kumwagika nje ya kalibu. Na asali ikikutana na kostiki inageuka kahawia, harufu yake nayo inafifia sana. Kwa hiyo mtu akikuambia amekoroga mwenyewe, halafu kipande kinang'aa kama kioo cha dhahabu na kunukia asali mpaka chumba cha pili, hapo umeuziwa rangi na manukato.

Faida ya asali kwenye sabuni ipo, ila ni ya kawaida: povu linakuwa jingi na laini. Ile kazi yake nyingine ya kubana bakteria inategemea kimeng'enya cha nyuki, ambacho kikichanganyika na maji kinatoa haidrojeni peroksaidi kidogo kidogo. Kostiki inakiua. Anayetaka faida hiyo apake asali mbichi usoni, akae robo saa, aoshe. Itavuta unyevu na kulainisha ngozi. Ajaribu kwanza nyuma ya sikio, maana wapo inaowadhuru.

Hizo siku tatu ndizo zinazonitisha. Asali haichubui mtu. Kipodozi kinachobadilisha rangi ya ngozi haraka hivyo kishuku kuwa ni mkorogo: zebaki, haidrokwinoni au steroidi kali, vitu vilivyopigwa marufuku kwenye vipodozi hapa nchini. Zebaki inapenya ngozi, inaharibu figo, na kwa mjamzito inamfikia mtoto tumboni. Mwenye mimba au anayenyonyesha asiiguse sabuni hii hata kwa kujaribu bahati.

Sasa chupa zake za asali. Ana video anadondosha tone kwenye glasi ya maji, halichanganyiki na maji, linazama mzimamzima, watu wanashangilia. Sharubati nzito ya sukari nayo inazama vilevile! Kuchovya njiti ya kiberiti uone kama itawaka, au kuangalia kama sisimizi wataifuata, ni michezo hiyohiyo. Ukimwambia asali yake ni nyepesi mno, anajibu ni ya nyuki wadogo. Hapo ni mjanja, maana asali ya nyuki wadogo kweli ni nyepesi na ina uchachu, tena bei yake iko juu. Ila yake haina uchachu wowote, tamu tupu kama soda iliyoisha gesi.

Tumieni mzani. Lita moja ya asali iliyokomaa, ya nyuki wakubwa, ina uzito wa karibu kilo 1.4, iliyoongezwa maji inapungua hapo. Mzani hautamkamata aliyechemsha sukari ikawa nzito, lakini wengi wanaokimbilia faida huongeza maji. Na jamani, asali iliyoganda chini ya chupa msiitupe mkidhani ni sukari, nyingi halisi huganda. Pasha kwa maji ya uvuguvugu, usiichemshe.

Waliokwisha kununua: acheni kuitumia, osheni ngozi kwa maji mengi, na mwenye uvimbe au vidonda aende hospitali na kipande chenyewe mkononi ili daktari akione. Msitupe karatasi yake wala ujumbe wa malipo. Vipodozi viko chini ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) tangu 2019, na malalamiko yenye bidhaa mkononi yana nguvu kuliko picha ya simu. Kama umetuma hela na mzigo haujafika, nenda polisi na ujumbe huo wa malipo, na uwajulishe pia mtandao wako wa simu mapema kabla hela haijatolewa.