Unga wa DPPH kwa kupimia mshubiri: nyota nne kati ya tano

Nilinunua kichupa cha gramu 1 cha DPPH, kemikali ambayo ukiiyeyusha hutoa zambarau inayofifia ikikutana na antioksidanti (viambata vinavyozima kemikali haribifu ziitwazo radikali huru), kwa muuzaji wa kemikali Dar es Salaam, nipime antioksidanti hizo kwenye majani ya mshubiri. Bei iliniuma. Ila piga hesabu: miligramu 3.94 kwenye mililita 100 za methanoli zinakupa myeyusho wa milimola 0.1 kwa lita, kwa hiyo kichupa kimoja kinatoa karibu lita 25. Mimi hata robo sijafika.

Rangi yake ukiiona utadhani juisi ya zambarau. Nilianza na vitamini C ya kulinganishia, na papo hapo zambarau ikanywea, ikabaki njano. Sampuli zenyewe unaziacha gizani dakika 30, ndipo unasoma kwenye spektrofotomita, mashine inayopima mwanga unaofyonzwa na rangi, kwa mwanga wa nanomita 517. Kabati la giza hatuna, nikafunga mirija kwa foili ya jikoni.

Balaa lilikuwa kwenye ute wa ndani ya jani. Ule karibu wote ni maji, na ukikutana na methanoli, sukari zake ndefu zinajitenga na kufanya mawingu meupe. Siku ya kwanza mashine ilisoma juu kuliko kontroli (mrija wa DPPH usiotiwa sampuli), eti mshubiri unaongeza zambarau! Nikampigia muuzaji kwa hasira, nikamwambia kaniuzia unga uliokufa. Kumbe mwanga ulikuwa unazibwa na ukungu wa sampuli yangu. Nilipopitisha kwenye sentrifuji, mashine inayozungusha mirija kwa kasi hadi mashapo yakae chini, na kuchota maji ya juu tu, namba zikanyooka. Nikampigia tena, safari hii kwa sauti ya chini.

Utomvu wa njano ulioko chini ya ganda, ile shubiri yenyewe, una rangi yake. Kwa kila kipimo andaa mrija usio na DPPH, usomaji wake uutoe kwenye hesabu. Kwangu ganda liliushinda ute kwa mbali, na ganda ndilo tunalotupa. Msikimbilie kuandika "inatibu" kwenye chupa za juisi, lakini; hiki ni kipimo cha kwenye mrija, si cha mwilini.

Nyota moja nimekata kwa usafirishaji. Lebo inataka baridi, kichupa kikaja kwa bodaboda saa saba mchana, ndani ya mfuko wa kaki. Bahati kontroli ilisoma karibu 1.0, unga ulikuwa mzima. Nikinunua tena nitakifuata mwenyewe na boksi la barafu.