Kampuni ikifungwa, leseni inabana? BeOS na Blender

Wengi hudhani kampuni ikifa, masharti ya programu yake yanazikwa nayo. Sivyo. Hakimiliki ni mali, huuzwa kama mali nyingine za kampuni, na kwa kawaida masharti uliyoyakubali yanaendelea chini ya mmiliki mpya.

Be Inc., iliyotengeneza mfumo endeshi wa kompyuta uitwao BeOS, iliiuzia kampuni ya Palm teknolojia yake mwaka 2001 kwa hisa za dola milioni 11, na BeOS ikawekwa kabatini. Mwenye diski aliweza kuendelea kuitumia, lakini kuifungua na kuirekebisha hapana. Msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, ulibaki kwa mnunuzi. Wapenzi wake wakaanza kuandika upya mfumo kama huo, leo unaitwa Haiku, na kazi bado inaendelea. Inauma, maana kitu kizima kilikuwepo tayari.

Blender, programu ya kutengeneza picha za 3D, ilipona. NaN, kampuni iliyokuwa nayo, ilipofunga mwaka 2002, wawekezaji walikubali kuachia msimbo kwa euro 100,000. Watumiaji wakachanga, na Oktoba msimbo ukatolewa chini ya GPL, leseni ya programu huria inayomruhusu yeyote kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza. Hiyo nayo inabana: ukisambaza nakala uliyoibadilisha, sharti utoe na msimbo wake. Ila hakuna mnunuzi wa kuifungia tena kabatini. Kwa kazi ninayotaka idumu miaka, nachagua programu huria bila kusita.